Aliye na Wasiwasi Zaidi Atoke Nje

Ninyi wauguzi wachanga ambao sare zenu bado zinanuka duka, kaeni hapa kidogo. Na ninyi wazazi wapya mnaomshika mtoto kama mtu aliyeazimwa glasi ya kioo na jirani mkali, kaeni pia. Nataka kuwaeleza jinsi mtoto mchanga anavyodungwa sindano ya chanjo bila nyumba nzima kuingia matanga. Kazi hii naijua. Siijui kama mtu anayesema anaijua Ruiru kwa sababu aliwahi kushuka hapo kununua maji. Naijua kama ninavyoijua sauti ya mke wangu akiwa amekasirika, yaani hata kupitia ukuta.

Diploma yangu ya uuguzi iko sebuleni, ndani ya fremu, mkabala na kiti cha wageni. Kiti hicho nilikiweka hapo makusudi. Niliitafuta mwenyewe diploma hiyo. Nilisukuma mkokoteni wa mananasi kule Makongeni, Thika, mpaka mikono ikawa migumu kama maganda yake, nikajilipia karo. Baba yangu alinisaidia kwa maombi, na hata hayo alikuwa akisinzia katikati. Baadaye nikaenda Uingereza, nikauguza Waingereza kwa miaka mingi, nikarudi na suti ya kijivu, koti zito ambalo Thika haijawahi kulistahili, na ujuzi. Nikajenga katika mtaa wa Landless, yaani "wasio na ardhi", na msinicheke, kwa sababu shamba ni langu. Halafu badala ya kukaa kwenye veranda nikisimulia theluji kama wenzangu waliorudi, niliingia chumba cha chanjo cha kliniki moja ndogo huko Gitothua, nikakikalia mpaka nikastaafu.

Watu niliowadunga wamejaa mjini. Juzi sokoni kijana mmoja mrefu mwenye ndevu aliniona, na bila kujua kwa nini akaufunika mguu wake wa kushoto kwa mkono. Mimi nilijua kwa nini. Huyo ni wa zamani, wa kabla sijaenda ng'ambo, enzi tulipokuwa tukidunga kwa nguvu na kuomba radhi kwa peremende. Wa baadaye, wale wa Gitothua, hunisalimia vizuri. Paja langu la mwisho pale halikulia hata kidogo, na wapo mashahidi.

Sasa nitawaambia kilichonitoa katika usingizi wa kustaafu.

Mwaka huu nilipata mjukuu wa kwanza. Mwanangu Kamau na mkewe Njeri wanaishi Kahawa Wendani, na mtoto alikuwa wa kiume. Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume huchukua jina la baba ya baba yake, kwa hiyo huyu anaitwa Mugo, kama mimi. Halafu desturi inaendelea: cucu yake, yaani nyanya, humwita mjukuu huyo bwana yake. Mke wangu Wambui alilipokea jambo hilo kwa furaha ambayo ilinitia mashaka. Tangu siku ile nikiitisha chai naambiwa ningoje, bwana yake bado hajacheua.

Alipofika wiki sita walimpeleka kuchanjwa mahali karibu na nyumbani kwao. Ilikuwa siku ya watu wengi, nesi alikuwa peke yake, na kila kitu kikaenda haraka. Mugo alivuliwa nguo zote, akalazwa chali kitandani, mama akaambiwa akaze miguu. Alilia mpaka askari wa langoni akaja kuuliza kama kuna usaidizi unahitajika. Njeri alirudi nyumbani analia, na jioni hiyo Kamau akanipigia simu kuniambia kwamba mkewe ameapa. Mtoto harudi tena. Hiyo ya wiki kumi haipo, ya wiki kumi na nne ndiyo kabisa haipo.

Niliomba niongee na Njeri mwenyewe. Ni msichana mwenye adabu, huwa haniinulii sauti, na hata siku hiyo hakuniinulia.

"Baba, nakuheshimu," alisema. "Lakini mtoto aliniangalia. Aliniangalia kama mimi ndiye nilimuuza."

Wambui alikuwa ameegemea bega langu akisikiliza. Alichukua simu mkononi mwangu na kusema kwa niaba ya familia nzima kwamba bwana yake hadungwi tena.

Hapo ndipo mambo yalipofika. Upande mmoja ni mimi na diploma. Upande wa pili ni wanawake wawili na mtoto mchanga. Katikati ni Kamau, ambaye tangu azaliwe hajawahi kuwa upande wowote.

Nitasema jambo moja zito kisha niendelee na upuuzi wangu. Sindano ile ya kwanza haitoshi. Ni sawa na kujenga ukuta ukaishia mstari mmoja wa mawe: hata kuku anaruka. Niliwahi kumuuguza mtoto mwenye kifaduro. Mtoto yule alikuwa akikohoa mpaka anageuka rangi ya zambarau, halafu anatulia, na mama yake anatabasamu akidhani imepita, halafu inaanza upya. Sitaki kukisikia kikohozi hicho tena, na sikutaka kabisa kukisikia kwa mtu mwenye jina langu. Kwa hiyo ilikuwa lazima Mugo arudi, na ili arudi, ilikuwa lazima mama yake aamini kwamba kuna namna nyingine.

Nikawaita wote Thika siku ya Jumamosi kwa masomo.

Kwa masomo ya vitendo nilihitaji mtoto wa kujaribia, na Wambui alikataa katakata kumtoa bwana yake. Nikatumia nanasi. Nanasi kubwa la Thika lina uzito wa mtoto aliyezaliwa jana, lina kichwa chenye nywele, na likishikwa vibaya linakuchoma, kwa hiyo ni mwalimu mzuri kushinda midoli yote niliyoona Uingereza. Nililivisha nguo za Mugo, zote alizokuja nazo, na hapo hapo somo la kwanza likawa limeanza.

Somo la kwanza ni nguo. Nawaambia ninyi vijana jambo ambalo halimo vitabuni, na kama limo basi limefichwa vizuri. Mtoto wa huku kwetu havai, anafungashwa. Fulana, fulana ya pili juu ya ile ya kwanza, suruali ya sufu, soksi mbili mbili, sweta, viatu vya sufu vya kuzuia soksi zisitoke, shali, blanketi la manyoya, na kofia. Jua linawaka, lami ya barabara ya Thika inalainika, na mtoto amevaa kama anayepanda Mlima Kenya upande wenye barafu. Ukiuliza, unaambiwa ni upepo. Sasa mama anaingia kwa nesi, na nesi anataka paja tu. Kulifikia paja hilo ni kumenya kitunguu. Mtoto alikuwa amelala vizuri, ana joto lake, ghafla anavutwa mkono huku na mguu kule, anapigwa baridi tumboni, na anaanza kulia kwa haki yake. Anapofika kwenye sindano tayari yuko kwenye ubeti wa tatu wa kilio. Halafu lawama zote zinaiendea sindano.

Nilimwambia Njeri amvue nanasi. Alivua, akavua, akavua. Jirani yetu mama mmoja mcha Mungu aliyekuja kuomba chumvi alisimama mlangoni, akamwangalia Njeri akilivua nanasi soksi, akamwangalia Wambui aliyekuwa akilisihi livumilie, akasema atarudi wakati mwingine. Hajarudi. Nadhani ametuweka kwenye maombi.

Nikatoa amri: siku ya chanjo Mugo avae suruali moja iliyolegea, ya kuvutwa juu kwa kidole, na blanketi moja. Basi. Hapo pakawa na vita vidogo kuhusu kofia. Wambui alikuwa amemfumia bwana yake kofia ya sufu ya kijani, yenye vifuniko vya masikio, kamba za kufungia kidevuni na kishada juu kikubwa kama limau. Mimi nilisema kofia si lazima. Wambui alisema masikio hayo si yangu. Tukaafikiana kwamba kofia itakuja, ila itakaa ndani ya mkoba wake mpaka kazi iishe. Mkumbuke hiyo kofia.

Somo la pili ni mikono na mapaja, na hapa inabidi niwataje walimu wangu. Wa kwanza alikuwa Sista Perpetua, mwanamke mnene mwenye sauti nyembamba, aliyenifundisha kazi hapa Thika nikiwa bado kijana. Dawa za chanjo hukaa kwenye kisanduku cha barafu, na mkono wa nesi unaoingia na kutoka humo asubuhi nzima unakuwa kama samaki. Sista Perpetua alinawa, akakausha mikono, kisha akaizungushia kikombe cha uji moto mpaka ikawa mikono ya binadamu. Alikuwa akisema mtoto akiguswa na samaki atalia hata kama umekuja kumpa urithi. Uji wenyewe alikuwa anakunywa baadaye, nje ya chumba, kwa hiyo hakukuwa na hasara.

Lakini Sista Perpetua pia, kama sisi sote wakati ule, alimlaza mtoto kama mbuzi wa Krismasi. Mmoja anashika miguu, mmoja anashika mikono, mmoja anaomba. Na ukishadunga, unavuta bomba la sindano nyuma kwanza uone kama kuna damu, mtoto anangoja na sindano mwilini, ndipo unasukuma dawa. Ndivyo tulivyofundishwa na ndivyo tulivyofanya.

Uingereza nikamkuta msimamizi wangu, mama mmoja mwembamba aliyeitwa Margaret, na siku ya kwanza nikakaza mabega nikingoja kilio. Hakumlaza mtoto. Alimwacha mapajani mwa mama yake, wima kidogo, kifua kwa kifua, ananyonya. Alianza na matone matamu ya chanjo ya mdomoni, akangoja mtoto ashike ziwa na anyonye sawasawa, sio kulamba lamba. Kisha akadunga upesi, akasukuma upesi, akatoa, bila kuvuta nyuma, maana kwa chanjo hizi za paja hakuna haja. Sindano inayowasha zaidi akaiweka mwisho. Mtoto alisimamisha kunyonya, akamtazama Margaret kama mtu aliyekatizwa chakula na simu ya mkopo, kisha akaendelea kula. Mimi mabega bado nimekaza. Margaret akaniuliza kama ninaumwa.

Nikarudi na hilo Gitothua. Mwanzoni akina mama waliona haya kunyonyesha mbele ya mwanamume, tena mwanamume wa suti. Nikawaambia mimi natazama paja tu, kama fundi wa viatu anavyotazama kiatu, na nikawapa shali ya kujifunika. Baada ya muda walikuwa wanakuja wakiwa tayari wamekaa mkao, wananiambia mimi ndiye ninayechelewa.

Nikawafundisha Kamau na Njeri mkao huo kwa nanasi. Njeri alilishika vizuri, miguu ya nanasi, tuseme, kati ya mapaja yake, mkono mmoja mgongoni. Kamau alipochukua zamu alichomwa kidevuni na majani na akaliangusha. Mama yake alilikimbilia nanasi kwanza.

Pia nilimwonya Wambui kuhusu asali. Bibi mmoja aliwahi kuniletea chupa ya asali kutoka kwao, eti mtoto alambishwe asisikie. Ninyi vijana, asali kwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka ni hapana, hata kidogo, hata ya nyuki wa pasta. Ziwa la mama linatosha. Kama hanyonyi, kuna maji ya sukari kidogo sana ya kuulizia kwa nesi, na kuna kukumbatiwa ngozi kwa ngozi. Usimpe syrup ya maumivu mapema kwa akili yako mwenyewe. Na baada ya sindano usilisugue paja kama unayefua kola.

Somo la tatu ni mdomo. Usimdanganye mtoto, hata yule ambaye hajui kusema, maana yule mkubwa kidogo anajua. Kuna mama mmoja wa Mwihoko aliyekuwa akimleta kijana wake mkubwa kwa chanjo za nyongeza, na kila safari alimwambia wanaenda kununua chipsi. Walitoka nyumbani kwa furaha ya chipsi na wakafika kwangu. Baada ya miezi, mtoto huyo akinusa viazi vinavyokaangwa anaanza kupiga nduru na kushika paja. Familia nzima iliacha chipsi. Baba yake alikuja kunilaumu mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyeuza chipsi hizo. Basi sema ukweli mfupi kwa sauti ya kawaida: sasa nesi anadunga, mama yuko hapa. Usiseme "haitauma". Usiseme pia "pole, pole, pole, maskini wangu" kabla ya jambo lolote kutokea, kwa sababu mtoto akisikia anaombolezwa anajua kuna msiba, na msiba ni wake.

Imbeni, ikiwezekana. Ila kwa kiasi. Niliwahi kumwomba mama mmoja aimbe wimbo wa kanisani polepole. Aliimba, benchi la nje likampokea, wakaingia sauti ya pili na ya tatu, na wapita njia wawili wakaingia kliniki wakauliza ibada inaisha saa ngapi. Mtoto hakulia. Lakini tulishindwa kuwatoa watu.

Somo la nne ndilo langu mwenyewe, sikulipata kwa Perpetua wala kwa Margaret. Aliye na wasiwasi zaidi atoke nje.

Mtoto mchanga haogopi sindano, hajui sindano ni nini. Anasoma watu. Nililigundua hilo kwa cucu mmoja aliyekuwa akivuta pumzi kwa meno kila nikiinua mkono, na mtoto alilia kwa ile pumzi, sindano ikiwa bado hewani. Nikamwomba cucu akanywe maji. Mtoto akatulia. Kuanzia hapo, kabla ya kudunga, nilikuwa nawatazama watu waliomo chumbani mmoja mmoja, nachagua mwenye wasiwasi kuliko wote, na namtoa kwa heshima. Nimewatoa mashangazi. Nimemtoa mhubiri mmoja na Biblia yake. Nimewatoa akina baba wengi sana, hasa wale wenye miraba minne. Baba mmoja, dereva wa lori la mchanga, alikataa kutoka, akasema yeye ni mwanamume, na nilipofungua tu kisanduku cha barafu akaanguka chini kama gunia. Mtoto wake alimtazama pale sakafuni kwa mshangao mkubwa hivi kwamba nilidunga pande zote mbili na hakujua. Ni njia nzuri kuliko zote nilizowahi kuona, lakini huwezi kuwa nayo kila siku.

Sheria hiyo niliwafundisha wauguzi wote waliokuja chini yangu. Mmoja wao ni Faith, msichana wa Gitothua mwenye macho yasiyokosa kitu, ambaye sasa ndiye mwenye chumba changu cha zamani. Nilimpigia simu. Nikamwambia kuna mteja mkubwa anakuja.

Mwisho wa masomo tulilila nanasi. Njeri alikuwa akikusanya maganda. Nilimuuliza anaonaje. Akasema atajaribu mara moja, na kama Mugo atamwangalia tena vile, basi, hata nikileta diploma ikamsihi. Nikamwambia tumepatana. Wambui alisema yeye anakuja kumlinda bwana yake, na hakuna aliyebisha, maana kubisha ni kazi nyingine.

Siku yenyewe nilivaa suti ya kijivu. Tulikutana pale kliniki, Gitothua, asubuhi, nikapita katikati ya benchi la akina mama nikisalimiwa huku na huku, sasa Daktari, habari ya kustaafu, na mimi nawajibu bila kusahihisha lile neno daktari, kwa sababu si vizuri kuwakatiza watu wakiwa na heshima. Kamau alikuwa amebeba mkoba wa mtoto. Njeri alikuwa amembeba Mugo ndani ya blanketi moja, suruali moja iliyolegea, kama nilivyoagiza. Wambui alikuwa na mkoba wake, na ndani ya mkoba kulikuwa na kofia.

Faith alitukaribisha. Mikono yake alikuwa amekwisha kuipasha kwenye kikombe, nikaona mvuke, nikafurahi. Njeri alikaa kwenye kiti. Mugo akapewa matone, akakunja uso, akayaonja tena, akaona yanafaa. Akapelekwa kwenye ziwa. Nilisimama kando yake nikisaidia. Nilimwambia Njeri ashushe bega. Nilimwambia Kamau asisimame kwenye mwanga. Nilimwambia Faith kwamba kiti kingegeuzwa kidogo hivi. Nilimwambia Mugo mwenyewe kwamba yeye ni mwanamume wa Thika. Nilimuuliza Wambui kama amekumbuka asali hapana. Nilitoa leso, nikajifuta paji la uso, nikaikunja, nikaitoa tena.

Faith alikuwa bado hajaishika sindano. Alimwangalia Njeri. Alimwangalia Wambui, ambaye ajabu ni kwamba alikuwa ametulia kama maji ya mtungi. Alimwangalia Kamau, ambaye hana upande. Halafu akaniangalia mimi, na niliujua huo mtazamo. Mimi ndiye niliyeuvumbua.

"Guka," alisema kwa upole, yaani babu, "ile sheria yako."

Nilimwambia ninaikumbuka vizuri sana, ni sheria nzuri, na kwamba kama angependa Kamau atoke, mimi sina pingamizi.

"Si Kamau," Faith alisema.

Wambui akanifungulia mlango. Alifungua haraka kuliko ilivyohitajika.

Basi nikajikuta kwenye ukumbi wa nje, mwenye diploma, nikiwa nimesimama na baba mmoja wa bodaboda ambaye alikuwa ametolewa katika zamu ya kwanza. Alinisogezea nafasi ukutani. Akaniuliza kama hata kwangu huyu ni mtoto wa kwanza, nikamwambia ni mjukuu, akaniambia pole mzee, ndivyo walivyo humo ndani. Nilimweleza kwamba mimi ndiye niliyeanzisha sheria hiyo. Aliitikia kwa kichwa kama unavyomwitikia mgonjwa.

Tukasikiliza. Hakukuwa na sauti. Nikasikia Faith akisema maneno mafupi, sauti ya kawaida. Kimya. Nikasikia kiti kikilia kidogo. Kimya. Huwa nawaambia watu kwamba kimya ni kizuri, lakini nikiwa upande ule mwingine wa mlango sikukiamini hata chembe. Labda alikuwa bado. Labda walikuwa wanatafuta upande. Nilimwona Njeri akilini mwangu akiangaliwa na mtoto. Nilimsikia mtoto yule wa zamani akikohoa. Kila kitu, hiyo ya wiki kumi na nne, ile ya surua ya miezi tisa, vyote vilikuwa vimening'inia kwenye mlango ule uliopakwa rangi ya samawati ambao niliufungua na kuufunga mimi mwenyewe kwa miaka na sikuwahi kuona kwamba ni mzito.

Kimya kikaendelea. Nikaanza kupumua. Baba wa bodaboda akanipiga bega, akasema mzee imeenda. Nilimwambia bila shaka imeenda, ni kazi yangu, nikaanza kumweleza kuhusu Uingereza.

Ndipo Mugo akapiga ukelele.

Haikuwa kulia, ilikuwa kutangaza. Benchi zima liligeuka. Watoto wengine walioko nje wakaanza kumjibu. Niliingia ndani bila kubisha hodi, na suti yangu, na leso yangu, nikijua kwamba nimeshindwa, kwamba Njeri sasa anafunga mkoba na hatarudi tena, kwamba fremu ile sebuleni nitaigeuza itazame ukuta.

Niliwakuta hivi. Faith alikuwa ameketi, anaosha kikombe chake. Kamau alikuwa ameshika blanketi. Njeri alikuwa anacheka mpaka machozi yanamtoka. Na Wambui, mke wangu, alikuwa amemshika Mugo mapajani na anafunga kamba za kofia ya kijani chini ya kidevu chake, na Mugo alikuwa amekunja ngumi zote mbili, uso mwekundu, kishada kinatetemeka, akilia kwa nguvu zote alizorithi kwangu.

Niliuliza sindano imefika wapi.

"Sindano tulimaliza kitambo," alisema Faith. "Zote mbili. Aliacha kunyonya kidogo, akaendelea. Huyu analilia kofia."

Wambui aliivuta kamba akasema ni upepo. Mugo aliongeza sauti. Njeri alinyoosha mkono, akamvua kofia bila kuuliza mtu, na mtoto akanyamaza hapo hapo, kama redio iliyozimwa. Akamtazama mama yake. Nilimtazama mama yake pia, kwa sababu hapo ndipo palikuwa na kesi. Mugo alimtazama, kisha akafungua mdomo akitafuta ziwa.

Njeri alijifuta macho. "Tutarudi wiki kumi na nne," alisema. "Lakini hiyo kofia ibaki Thika."

Kofia imebaki Thika. Wambui ameiweka juu ya fremu ya diploma yangu, kishada kikining'inia mbele ya kioo, na anasema itamngoja bwana yake akue masikio. Sijaiondoa. Wageni wakikaa kwenye kile kiti wananiuliza, na mimi nawajibu kwa fahari, na ninyi vijana sasa ni mashahidi kama wale wa pale kliniki: kofia si chanjo. Rekodi yangu ya mapaja yasiyolia iko pale pale.